Flashi ya 32 GB inaweza kuwa RAM? Laptopu ya duka inaganda kila siku ikifika saa nne

stesheneri_wete

Assalaam alaykum jamaa.

Nina duka la stesheneri hapa Wete. Fotokopi, kuchapa barua, kuskani vyeti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kazi yote iko juu ya laptopu moja, ThinkPad T420, niliinunua ikiwa imeshatumika. Windows 10 ya 64-bit, RAM 4 GB, na diski ya 320 GB, zile za kuzunguka.

Asubuhi ikiwashwa inakwenda vizuri tu. Shida inaanza saa nne wateja wakijaa. Word ina barua tatu, Chrome ina fomu ya huyu na barua pepe ya yule, skana inavuta cheti, mara mausi inasita. Herufi ninazochapa zinatokea wakati mikono nimeshainyanyua. Kile kijitaa cha diski kinawaka moja kwa moja, hakipepesi. Mteja kasimama na bahasha yake, "dada, gari ya Chake inaondoka", nami sina la kumwambia.

Juzi nilivuka kwenda mjini Unguja kuchukua karatasi na wino. Duka moja pale Darajani kijana akaniuzia flashi ya 32 GB, akanambia nikiichomeka na kuiwekea ReadyBoost basi RAM yangu itakuwa 36. Nikamuuliza tena, thelathini na sita? Akasema ndiyo, zinajumlishwa.

Nimerudi nimeiweka. Nimebonyeza mausi upande wa kulia, nikaingia kwenye tabo ya ReadyBoost, nikachagua flashi yote itumike. Sasa ndani yake mna faili moja kubwa linaitwa ReadyBoost.sfcache. Lakini Task Manager bado inasoma RAM 4. Word naona inafunguka upesi kidogo, au labda moyo wangu ndio unaotaka iwe hivyo. Saa nne ikifika, hali ni ile ile.

Hii flashi inafanya kazi gani hasa? Mpwa wangu anasema ReadyBoost ni mchezo wa watoto, niihamishe pagefile yenyewe kutoka C niitie kwenye flashi. Nimekwenda kwenye mipangilio ya memori pepe, flashi haimo kwenye orodha kabisa. Kuna njia ya kuilazimisha? Na mtu akija akaichomoa nikiwa kazini, barua za watu zinapotea? Jengine linalonitia wasiwasi: vitambulisho ninavyoskani vinaweza kuwa vimebaki humo ndani?

upepo_wa_kaskazi

Wa alaykum salaam dada. Usijisumbue, iache hapo hapo. Mimi nilikuwa na mashine ya 1 GB, Windows 7, nikaitia flashi ya ReadyBoost ikawa inaruka. Ukitaka ongeza nyengine, Windows inakubali mpaka flashi nane.

fundi_machomanne

Wa alaykum salaam mwanangu. Aliyekuuzia kakuuzia flashi, hakukuuzia RAM. Thelathini na sita haipo.

Nitakueleza kwa urefu kwa sababu swali hili naletewa dukani kila siku, na wanaoniletea wengi wameshanunua.

RAM ikijaa, Windows inazitafuta kurasa za memori ambazo hazijaguswa muda, inaziandika kwenye faili lililofichwa ndani ya C linaloitwa pagefile.sys. Programu ikizihitaji inazirudisha. Programu yenyewe haijui kitu, inadhani nafasi yote ni yake. Hiyo ndiyo memori pepe, na ni fikra ya zamani, kompyuta ya Atlas pale Manchester ilikuwa nayo tangu 1962. Kwa hiyo laptopu yako tayari inatumia memori pepe, nayo imelala kwenye diski ya kuzunguka. Kijitaa kisichopepesa ndicho hicho.

ReadyBoost ni kitu mbali. Ilikuja na Windows Vista, 2007. Haichukui kazi ya RAM, wala haichukui kazi ya pagefile. Inaweka kwenye flashi nakala ya vipande ambavyo kwenye diski vipo. Kila kinachoandikwa bado kinaandikwa kwenye diski. Faida yake inaonekana wakati wa kusoma tu, na kusoma kwenyewe kuwe kwa vipande vidogo vilivyotawanyika.

Kwa nini vidogo? Diski nyingi za laptopu zinazunguka mara 5400 kwa dakika, mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kichwa kisogee, kisha kingoje sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Milisekunde 15 mpaka 20 zimekwisha, na kilichosomwa ni kipande cha 4 KB. Kwa sekunde moja unapata vipande 60 hivi. Flashi haina kichwa cha kusogea, kipande kama hicho inakitoa kwa milisekunde moja au karibu yake. Kwa hiyo Word kufunguka upesi si moyo wako, ni kweli.

Lakini RAM inajibu kwa nanosekunde mia moja hivi. Zikuze hizo hesabu upate kuziona: lau RAM ingekujibu kwa sekunde moja, flashi ingekujibu baada ya saa tatu kasoro, na diski baada ya siku mbili. Kutoka siku mbili hadi saa tatu ni nafuu, sikatai. Ila mteja wa gari ya Chake bado ameshaondoka.

Na hiyo ni kusoma. Kwenye kuandika ndipo flashi za bei rahisi zinapoaibika. Chipu ya flashi haiwezi kufuta 4 KB peke yake, inafuta bloku nzima, na bloku moja ni kubwa mara nyingi kuliko hiyo. Ukiiambia ibadilishe kipande kidogo, inabidi vilivyo hai ndani ya ile bloku viandikwe mahali pengine, kisha bloku ifutwe. SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, ina kidhibiti chenye akili ya kupanga kazi hiyo na kusambaza uchakavu chipu nzima. Flashi ya kuning'iniza kwenye funguo mara nyingi haina, au inayo ya kubahatisha. Na pagefile kazi yake ni hiyo hiyo, kuandika vidogo vidogo kutwa. Ile hesabu ya mpwa wako kwa hivyo ingekupeleka nyuma: ungeitoa pagefile kwenye diski inayosoma polepole, ukaitia kwenye flashi inayoandika polepole zaidi, na baada ya muda si mrefu flashi ikafa.

Halafu tazama poti. T420 ni mashine ya 2011, poti zake zote ni USB 2.0. Kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani 60 MB, lakini kwa matumizi ukipata 30 na kidogo umshukuru Mungu. RAM yako, ikiwa ni ile iliyoandikwa PC3-10600, kipande kimoja tu kinapitisha 10,600 MB kwa sekunde. Hata ungenunua flashi yenye kasi ya USB 3.0, kwenye poti hizo itatembea kwa mwendo wa poti.

Kuhusu flashi kutoonekana kwenye orodha: Windows imekufichia kwa makusudi. Kilichomo kwenye pagefile hakina nakala kwengine. Ukiichomoa, au waya wa poti ukilegea, mfumo utakwenda kutafuta ukurasa wake na usiupate. Unachokipata ni skrini ya buluu iliyoandikwa KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, na barua zote zilizokuwa hazijasevuwa zimekwenda. Zipo programu za kuidanganya Windows ione flashi kama diski ya ndani. Nazijua, sikupi majina yake.

ReadyBoost ukiichomoa hakuna kinachopotea. Nakala imeondoka, asili iko kwenye diski, mashine itapungua mwendo tu. Na lile faili la sfcache limefungwa kwa usimbaji wa AES wa biti 128, kwa hiyo hata flashi ikidondoka gatini Mkoani, atakayeiokota hasomi kitambulisho cha mtu. Hapo tulia.

Ndugu upepo_wa_kaskazi, sikupingi. Mashine ya 1 GB yenye diski nzito ndiyo ReadyBoost ilikotengenezewa. Vista ilipotoka niliziona kompyuta za skuli zina 512 MB, na RAM ya kuongeza huku Pemba uiagize Unguja au Dar, ufike mwezi. Hata umeme wenyewe ulikuwa wa jenereta, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tumeupata 2010. Flashi ya 2 GB wakati ule ilikuwa msaada. Lakini kuongeza flashi mpaka nane kwenye poti za USB 2.0 ni kuziba poti, printa utaichomeka wapi?

Mwanangu, kesho saa nne, ikianza kuganda, usizime kitu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Ingia kwenye Performance, kisha Memory. Niandikie In use, Available na Committed, hiyo Committed ina namba mbili zenye mkwaju (/) katikati. Tazama pia palipoandikwa Slots used. Kisha nenda kwenye Disk, niandikie asilimia, na mwendo wa kusoma na kuandika. Tutazungumza kwa namba.

Jambo la mwisho kabla sijafunga duka. Flashi za mitaani nyingi zinaandikwa 32 na ndani ni 8 au 4. Ipime kwa H2testw, ni programu ya bure, inaijaza flashi kisha inasoma tena kama kila kilichoandikwa kipo. Iondoe ReadyBoost kwanza upate nafasi. Na usitie kitu chako muhimu kabla haijapita.

mwanafunzi_tunguu

Ami fundi umemaliza, ila nina nyongeza kwa upande wa Linux, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, maana huku mtu anaruhusiwa kufanya anachokataliwa kule.

Kwenye Linux ukitaka kuifanya flashi au kadi ya memori kuwa swapu, ndiyo pagefile ya huku, ni amri mbili tu, mkswap halafu swapon, hakuna anayekuzuia. Mimi nina Raspberry Pi 3, ina RAM 1 GB, na mfumo wote uko kwenye kadi ndogo ya microSD, kwa hiyo swapu yake nayo iko humo humo. Nilipokuwa na programu ya kukompaili, yaani kuigeuza kutoka msimbo iwe ya kuendeshwa na mashine, bila ya kuiongezea swapu kazi ilikuwa inauliwa katikati: memori imekwisha, mfumo unachagua programu moja na kuiua. Nikiiongezea swapu, kazi inafika mwisho. Inafika polepole, nakwenda kusali Adhuhuri narudi bado, lakini inafika. Kwa hiyo dada, memori pepe kwenye flashi inaweza kuokoa kazi isife. Kuifanya iende mbio, hapana.

Ninachokitumia sasa ni zram. Inachukua sehemu ya RAM yenyewe na kuigeuza swapu iliyobanwa, kurasa zinabanwa na kubaki ndani ya RAM, haziendi kwenye kadi. Prosesa inafanya kazi kidogo zaidi, lakini kubana na kubanua ni upesi mno ukilinganisha na kuandika kwenye flashi. Imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya Linux rasmi tangu toleo la 3.14, mwaka 2014. Windows 10 nayo inabana memori kabla ya kuitupa kwenye pagefile, kwa hiyo dada hilo unalo bila ya kujua.

Tahadhari moja: swapu ya kawaida ya Linux haifungwi kwa siri isipokuwa uifunge mwenyewe. Kilichokuwa kwenye memori kinaweza kubaki kwenye flashi kikasomeka hata baada ya kuzima. Kwa mtu anayeskani vitambulisho vya watu, hilo si dogo.

Na kwa mawazo yangu, ungenunua SSD kabla ya kitu chengine chochote. SSD itaifanya kila kitu kiende upesi, pamoja na hiyo pagefile. Pia Windows 10 imeachwa na Microsoft tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya T420 haimo katika zinazokubaliwa na Windows 11. Linux Mint ungeifikiria.

stesheneri_wete

Ahsanteni sana. Ami, nimefanya ulivyosema. Leo saa nne na robo, imeganda, nimeacha kila kitu wazi, mteja mmoja kanuna.

Memory: In use 3.5 GB. Available 290 MB. Committed 7.2/9.4 GB. Slots used, nafasi ziko mbili, inayotumika moja.

Disk: 100%. Lakini mwendo ni 1.6 MB kwa sekunde kusoma, na kuandika chini ya 1. Hili ndilo sikulifahamu kabisa. Asilimia mia na mwendo wa konokono?

Flashi nimeipima kwa H2testw, imechukua muda mrefu mno, imepita, ni 32 kweli. Kwa hilo yule kijana hakunidhulumu.

Mwanafunzi, Linux siiwezi kwa sasa. Fomu za watu nazijaza kwa Chrome hapana shida, lakini wateja wananiletea faili za Word zina majedwali na herufi za ajabu ajabu, zikivurugika lawama ni yangu.

fundi_machomanne

Hizo namba nzuri kuliko maelezo ya mafundi wengi.

Committed 7.2 maana yake programu zako zimeahidiwa memori ya 7.2 GB. RAM uliyonayo ni 4. Si yote iliyoahidiwa inatumika kwa wakati mmoja, lakini pengo ni kubwa na sehemu yake inaishi kwenye pagefile. Kila ukitoka Word kwenda Chrome, kurasa za Word zinashuka na za Chrome zinapanda.

Diski 100% kwa 1.6 MB: asilimia ile haipimi mzigo uliobebwa, inapima muda ambao diski ina shughuli. Kichwa kinakimbia huku na huku kuokota vipande vidogo, muda wote unaishia njiani. Diski hiyo hiyo ukiipa faili moja kubwa la video inakili kwa 80 MB au zaidi bila ya kulalamika. Kwa hiyo diski yako si mbovu, inaonewa.

Nafasi mbili na inayotumika moja, hiyo ndiyo habari njema. Mwanafunzi anasema SSD kwanza. Kwa mtu mwenye 8 GB ningemuunga mkono. Kwa huyu siafiki. Ukimpa SSD na kumwacha na 4 GB, pagefile itaandika kwenye SSD kutwa, itakwenda upesi, ndiyo, lakini bado ni kuhamisha kurasa ambazo hazikuhitaji kuhama. Mpe RAM, kurasa hazihami. Na RAM ya DDR3 iliyotumika haipishani sana bei na flashi.

Cha kununua: kipande kimoja cha 4 GB, DDR3 ya laptopu, meno yake 204, ya kompyuta ya mezani ni ndefu na haiingii. Tazama karatasi iliyobandikwa juu yake iwe PC3-10600S, au PC3-12800S, itashuka mwendo ilingane na mwenzake. Ukiona PC3L usiogope, hiyo ni ya volti ndogo na inakubali na volti ya mashine yako. Ikiandikwa PC4, iache, hiyo ni DDR4, na pengo la katikati ya meno yake halilingani. Mwambie muuzaji unaitaka ikiwa na ruhusa ya kurudisha.

Kupachika: zima kabisa, chomoa chaja, toa betri. T420 ina nafasi moja chini, ukifungua mfuniko mdogo unaiona. Nyengine iko chini ya kibodi. Fungua ile ya chini kwanza, ikiwa tupu umepata bahati. Ikiwa ndiyo yenye RAM, basi tupu ni ya juu. Skrubu za kushika kibodi zina alama ndogo ya kibodi pembeni yake kwa nyuma. Ukishazitoa, isukume kibodi kuelekea kwenye skrini, kisha iinue upande wa mbele taratibu. Usiivute, chini yake pana waya bapa, ukikatika umejitafutia kazi nyengine.

Kabla hujapachika, chukua raba ya penseli, ile nyeupe laini, sugua yale meno ya dhahabu pande zote mbili, upanguse kwa kitambaa kikavu. Sisi wa visiwani chumvi inatuingilia kila mahali. Nimeshaletewa RAM nyingi zinaitwa zimekufa, dawa yake ikawa raba ya skuli. RAM inaingia kwa mshazari kama nyuzi 30, isukume mpaka meno yapotee, kisha ilaze hadi vishikizo vya pembeni vilie.

Kama mkono unatetemeka mpelekee fundi hapo hapo Wete, lakini simama naye.

upepo_wa_kaskazi

Ami samahani naingilia. Simu yangu imeandikwa RAM 4+4, ukiingia kwenye mipangilio unaweza kuiongeza. Hiyo nayo ni flashi?

fundi_machomanne

Ni hiyo hiyo. Ile 4 ya pili inakatwa kwenye hifadhi ya ndani ya simu. Hifadhi ya ndani ni nzuri kuliko kadi au flashi ya kuchomeka, kwa hiyo haiui simu, na baadhi ya programu zitakaa wazi muda mrefu zaidi. Ukinunua simu ihesabu kuwa ina 4.

mwanafunzi_tunguu

Kwenye hoja ya RAM kwanza nimekubali, ami, kwa sababu ya ile 7.2. Ila dada, kabla hujatumia hata shilingi, fungua mipangilio ya Chrome, sehemu ya Performance, washa Memory Saver. Tabo ambazo huzitazami itazilaza. Na kwenye Task Manager, tabo ya Startup, zima vyote vinavyojiwasha usivyovitumia. Utashangaa vilivyomo humo.

stesheneri_wete

Nimewasha Memory Saver, na kwenye Startup nimekuta programu za printa mbili ambazo hata sinazo tena. Nimezima.

RAM nimeletewa na jamaa aliyekuja na boti, PC3-12800S. Ya chini ilikuwa imejaa, kwa hiyo ni kibodi. Nimempelekea fundi, nimesimama naye kama ulivyosema, na raba nilikwenda nayo mwenyewe kutoka dukani. Alicheka, lakini aliitumia, na ilitoka nyeusi.

Namba za saa nne: In use 5.6 GB, Available 2.2 GB, diski inacheza kati ya 5% na 30%, ikipanda kidogo nikifungua kitu kipya. Mausi haisiti. Kuna kitu kimoja tu: Committed bado ni 6.8. Nilidhani itashuka sana, au nimekosea kupachika?

Na hii ReadyBoost niiache au niitoe?

fundi_machomanne

Hukukosea. Committed ni ahadi, na programu zako ni zile zile, kwa nini zidai kidogo? Imeshuka hiyo 0.4 GB kwa sababu umefuta uchafu wa printa na umelaza tabo. Kilichobadilika ni mahali ahadi inapolazwa: mwanzo sehemu kubwa ilikuwa kwenye diski, sasa iko kwenye RAM. Ndiyo maana diski imepumua.

Pagefile usiizime. Wako watakaokwambia ukiwa na 8 GB huihitaji. Iache C, iache Windows iiendeshe yenyewe. Siku ukifungua faili la picha mia za mtu wa harusi, itakuokoa.

ReadyBoost itoe. Bonyeza flashi kulia, tabo ile ile, chagua isitumike, lile faili litajifuta. Ukija kutia SSD, Windows yenyewe itakwambia diski yako ina kasi ya kutosha na ReadyBoost haina la kuongeza. Flashi ifanye ya nakala za kazi zako za kila wiki, iweke nyumbani, na usiichomeke kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Za wateja wako zenyewe zipitishe kwenye antivairasi kabla hujafungua kitu, nimeona duka moja zima la fotokopi likisimama kwa flashi ya mwanafunzi mmoja.

SSD ukiwa tayari nambie, 240 inakutosha. Tutahamisha Windows yako nzima, hutachapa tena kitu.

stesheneri_wete

Inshaallah baada ya msimu wa fomu. Ahsante ami.